Naombeni ushauri: kuongoza mazungumzo ya majirani weusi na weupe Minneapolis

Kipanga_MN: Wakuu, habari zenu. Kamati ya mtaa kusini mwa Minneapolis imenikabidhi vikao vinne kati ya majirani weusi na weupe, wote Wamarekani wa kuzaliwa. Mimi Mtanzania, nadhani wamenichagua kwa sababu hawajui waniweke upande gani. Vikao vya nyuma viliishia "sote ni binadamu" na keki. Nianzie wapi, na nikwepe nini?

KalamuKavu: Mkuu, usianze na hisia, anza na karatasi. Mji huo una bahati: mradi wa Mapping Prejudice wa Chuo Kikuu cha Minnesota umepekua hati za zamani za nyumba za Kaunti ya Hennepin na kuchora ramani ya viwanja vilivyowekewa sharti la rangi, yaani kifungu cha hati kinachokataza kuuzia au kupangishia watu wa asili fulani. Ramani iko wazi mtandaoni. Tafuta mtaa wenu, chapisha kipande chake kikubwa, kitandike mezani kabla watu hawajakaa.

Sharti la kwanza linalojulikana mjini humo ni la 1910. Linasema kiwanja kisiuzwe, kisiwekwe rehani wala kisipangishwe kwa mtu mwenye asili ya Kichina, Kijapani, Kimoor (Waislamu wa Afrika Kaskazini), Kituruki, Kinegro, Kimongolia au Kiafrika. Lisomeni kwa sauti, neno kwa neno. Kisha wape miaka: 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mahakama haziwezi kutekeleza masharti hayo, 1953 Minnesota ikakataza mapya, 1968 sheria ya nchi nzima ikapiga marufuku ubaguzi katika makazi. Kati ya 1910 na 1968 kuna umri wa mtu, na baadhi ya wazee watakaokuja wameishi sehemu yake.

MamaTosha: Nyongeza kwenye uendeshaji, maana hapo ndipo mambo huharibika. Watu 10 hadi 12, si zaidi. Dakika 90. Tafuta mwenzako wa kuongoza nawe, mmoja mweusi na mmoja mweupe mkiweza, wewe ukawa wa tatu wa kushika saa. Kila mtu aongee dakika mbili bila kukatizwa, mzunguko mzima, ndipo mjadala ufunguliwe. Swali la kwanza liwe la kujibika: "Familia yenu ilihamia mtaa huu mwaka gani, na nani aliwauzia?" Ukiuliza "mnajisikiaje kuhusu ubaguzi?" utapata hotuba.

Mzungu akilia, mpe tishu na uendelee. Usiruhusu kikao kigeuke cha kumbembeleza, kwa sababu weusi waliokuja kusema jambo watajikuta ndio wanaomfariji. Hilo hutokea mara nyingi mno.

JichoLaTatu: Mimi karatasi zinanitia wasiwasi kidogo. Ramani ikitandikwa, macho yote yanahamia kwa weusi wawili au watatu waliopo, kama vile ndio walimu wa darasa. Wape weupe kazi kabla ya kikao: kila mwenye nyumba achunguze hati ya nyumba yake mwenyewe. Hapo wao ndio wanakuja na la kueleza.

KalamuKavu: Sawa kabisa, na kazi hiyo ina mwisho wa vitendo. Tangu 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kuandikisha tamko la kulitengua sharti. Anajaza fomu, anasaini mbele ya mthibitishaji wa sahihi (notary), inasajiliwa kaunti. Mradi wa Just Deeds una mawakili wa kujitolea wanaosaidia bure katika miji inayoshirikiana nao mradi huo. Waambie mapema kwamba sharti la zamani halifutwi kwenye kumbukumbu, tamko linaongezwa juu yake. Wengine hukasirika wakidhani historia inafichwa, wengine wakidhani sharti halijafutwa vya kutosha.

Kipanga_MN: Asanteni. Na jirani mweupe akisema babu yake alitoka Norway mikono mitupu, hakubagua mtu?

MamaTosha: Usimbishie, huenda ni kweli tupu. Muulize babu alinunua nyumba lini na mkopo aliupata vipi. Kuanzia 1934 serikali ilidhamini mikopo kupitia shirika la FHA, na mwongozo wa shirika hilo wenyewe ulipendekeza masharti ya rangi. Babu hakuhitaji kumchukia mtu yeyote ili afaidike. Ukilisema hivyo, bila kumtupia lawama, wengi huendelea kusikiliza.

JichoLaTatu: Na wewe Kipanga, wakikupa mfano wa "Waafrika wanakuja juzi na wanafanikiwa", usiupokee hata kwa tabasamu. Wanakutumia kama fimbo ya kumchapia jirani yako Mmarekani mweusi. Warudishe kwenye lile sharti la 1910: asili ya Kiafrika imo, kwa hiyo nawe usingepangishwa. Halafu nenda moja kwa moja kwa anayefuata kwenye mzunguko.