Eagles waliigawa piki namba 2, mwaka uliofuata wakagoma kuitoa piki namba 1. Nielewesheni hii biashara ya drafti

Mdau_wa_Perth:
Wakuu habari za saa hizi. Naomba mnisaidie maana kazini naonekana mshamba. Niko Perth, huku ni West Coast Eagles au Fremantle hakuna wa katikati, mi nikajikuta Eagles sababu ya jamaa wa shifti yangu. Mpira wenyewe nishauelewa, mpira wa yai wa Australia, ligi yao inaitwa AFL, watu 18 kila upande, nguzo nne, goli pointi 6, ukipita pembeni pointi 1, fresh kabisa. Kinachonishinda ni drafti na hii habari ya kuuziana piki. Sisi tumezoea mpira wa hela bwana, Simba anamtaka mtu, Yanga wanapandisha dau, mwenye hela kachukua, kesho yake mchezaji anapiga picha na jezi. Huku naambiwa pesa ya uhamisho haipo kabisaa, klabu ikimtaka mchezaji wa watu inatoa mchezaji au inatoa piki, yaani zamu yake ya kuchagua vijana mwezi wa 11.

Sasa swali langu. 2022 Eagles walikuwa na piki 2, wakaitoa kwenye ile dili ya klabu nne wakaambulia piki 8 na 12. 2023 wakaburuza mkia, wakawa na piki 1, klabu kibao zinabisha hodi na ofa, wakagoma, wakambeba Harley Reid. Klabu ileile, mwaka mmoja tu umepita! Kuna hesabu hapo au wanabahatisha? Na kwa nini mtu auze piki ya mwakani wakati hajui itakuwa namba ngapi? Nawasilisha.

kibanda_umiza:
Mkuu karibu kwenye ugonjwa huu, hauna dawa.

Ichukulie drafti kama upatu. Wote mko kwenye mchezo, zamu zinajulikana, aliyeshika mkia anachukua wa kwanza na bingwa wa mwisho. Lakini mwenye shida ya leo anaweza kumwomba mwenye zamu ya karibu wabadilishane na akaongezea kitu. Zamu ni ileile ila kwa mwenye shida ina bei yake na kwa asiye na shida ina bei nyingine. Ukilishika hilo umemaliza nusu ya somo, maana watu wengi wanaangalia namba ya piki wakati inabidi uangalie nani kaishika na ana njaa ya nini.

Njoo kwenye dili yako ya 2022. Jason Horne-Francis alichaguliwa namba 1 na North Melbourne 2021, akacheza msimu mmoja tu akataka kurudi kwao Adelaide. Ndo ukafungwa ule mzigo: Port Adelaide wakampata yeye na Junior Rioli, GWS (klabu ya magharibi mwa Sydney) wakapata piki 1 wakamchukua Aaron Cadman, North wakapata 2 na 3, Eagles 8 na 12. Kwa nini Eagles wakubali? Kikosi kilichobeba ubingwa 2018 kilikuwa kimezeeka kwa pamoja, hawakuhitaji kijana mmoja, walihitaji wengi kwa mkupuo. Halafu zile zamu mbili wakazitumia kwa Reuben Ginbey na Elijah Hewett, wote watoto wa hukohuko Western Australia. Hilo la nyumbani usilidharau, kijana wa miaka 18 anatupwa kilomita elfu tatu kutoka kwa mama yake, baada ya miaka miwili anaanza kununa, we mwenyewe umeona kwa Horne-Francis.

Uchungu ni kwamba North na zamu zao mbili wakawachukua Harry Sheezel na George Wardlaw, na Sheezel akatwaa tuzo ya chipukizi bora 2023 palepale. Kwa hiyo wenzio kazini wana haki ya kulalamika kidogo. Ila Reid 2023 ilikuwa habari nyingine, alikuwa anatajwa namba 1 mwaka mzima na hakuna aliyekuwa na shaka. Mwaka ambao watano wa juu wanafanana unashuka chini unachukua wawili. Mwaka ambao mmoja kawaacha wenzake mbali unakaa na zamu yako hata wakuletee nini. Sio kwamba walibadilisha dini, drafti mbili tofauti tu.

Otis254:
Sawa lakini umemficha jamaa kitu kikubwa, namba yenyewe inadanganya. North walikuwa na 2 na 3 sindio? Usiku wa drafti wakachagua wa 3 na wa 4. Kwani nini ilihappen? Will Ashcroft. Babake Marcus alicheza Brisbane, na kuna sheria ya baba na mwana, baba akiwa amecheza mechi 100 klabu fulani basi hiyo klabu iko na haki ya kwanza kwa mtoto. North wakamwekea dau kwa piki 2, yaani wakasema sisi tunamchukua hapa, Brisbane wakalipa dau, kijana akaenda kwao, na kila mtu nyuma akasukumwa hatua moja. So ukisikia mtu ameuziwa piki 8 jua atachagua 9 ama 10.

Na hapo ndio utamu uko sasa, vile dau linalipwa. Kila piki iko na pointi kwa jedwali ya AFL, piki 1 ni 3000, inashuka hivyo hadi chini. Mimi ni Collingwood damu so wacha nikupe ya Nick Daicos 2021. Babake Peter Daicos ni mfalme pale. Dau likakuja piki 4, kwa jedwali ya zamani hiyo ilikuwa pointi 2034, wenye haki walikuwa wanapunguziwa asilimia 20, inabaki kama 1627. Sasa angalia mtu mwenye piki 38, 40, 42 na 44, takataka tupu kwa mtu mwingine, lakini ukijumlisha pointi unapata 1651. Umenunua kijana wa namba 4 na chenji! Ndio maana klabu iko na kijana wake njiani inauza piki yake kubwa mapema na kununua hizo ndogo ndogo, coz ukiingia na piki 2 mkononi dau litaimeza mzima mzima.

Collingwood walijua Daicos anakuja so 2020 wakauza piki yao ya raundi ya kwanza ya 2021 kwa GWS wakapata piki 24 na 30. Kichwani ni akili. Ile hawakupangia ni kumaliza nambari 17 🤦🏾‍♂️ ile piki ikageuka kuwa 2, GWS wakachukua Finn Callaghan. Watu walituchekaa. Mimi hadi leo nasema hatukukosea kuuza, tulikosea bei, piki ya timu imetoka tu kutoa wachezaji wake wazuri juu ya mishahara si ya kuuzwa hivyo. Daicos tulimpata, na 2023 tukashinda kombe na pointi 4 dhidi ya hao hao Brisbane, kwa hivyo nalala vizuri.

Mdau_wa_Perth:
Duuh, kumbe. Hapo kwa piki 38 na 40 ndo nimefunguka macho, nilikuwa naona klabu inatoa moja kubwa inapewa rundo la takataka nikadhani wamelewa. Lakini si uonevu huu? Brisbane bingwa halafu bado anabeba vijana wa juu?

kibanda_umiza:
Ni uonevu na kila mtu anajua, ndo maana sheria zinabadilishwa kila baada ya muda. 2014 Sydney walimchukua Isaac Heeney kutoka akademi yao kwa piki 18 wakati kila mtu alikuwa anaona ni kijana wa juu kabisa, kelele zikapigwa, 2015 ndo likaja jedwali la pointi. Brisbane wamebeba ubingwa 2024, mwezi mmoja na ushee baadaye wakamchukua Levi, mdogo wake Will, namba 5. Kelele tena. Kuanzia 2025 punguzo likashuka kutoka asilimia 20 hadi 10 na jedwali likakatwa, piki za baada ya 54 hazina pointi hata moja. Kwa hiyo mfano wa Otis bado unafanya kazi ila sio kwa mteremko ule. Na huwezi kuingia na piki nyingi kuliko nafasi zilizo wazi kwenye kikosi, ukitaka rundo lazima ufukuze watu kwanza.

BintiKisauni:
Assalam aleikum ndugu zangu. Mwaongea hesabu tu hapa, hebu na mie niseme ya upande wa watoto maana wangu acheza huku magharibi mwa Melbourne na hizi hesabu zatuhusu sisi kuliko mnavyodhani.

Kuna akademi zaitwa za kizazi kijacho, zilianza 2016. Kila klabu imegaiwa eneo lake, na inalea watoto wa wenyeji asilia wa Australia na watoto wa familia zilizotoka Afrika na Asia. Yaani hawa wetu. Klabu ikikulelea mtoto ina haki ya kulipa dau lake kama vile mtoto wa mchezaji wa zamani. Sasa 2020 Western Bulldogs wakamchukua Jamarra Ugle-Hagan kwa njia hiyo, dau likaja namba 1 kabisa, wakalipa. Wenzao wakaja juu, AFL ikafunga mlango, 2021 ikawa dau likiwekwa ndani ya piki 20 za mwanzo huruhusiwi kulipa. Aliyeumia? Mac Andrew, kijana wa familia ya Sudan Kusini, kalelewa na Melbourne, dau lake likaja piki 5 kutoka Gold Coast, Melbourne wakabaki kutazama tu. Wenyewe wakaona wamezidisha, 2024 wakafungua tena, Essendon wakamlipia Isaac Kako namba 13.

Sasa mimi kama mzazi najiuliza, klabu itamlea mtoto kwa moyo gani kama sheria yaweza kugeuka mwaka anaofika miaka 18? Mwaona hiyo nayo ni biashara ya piki. Mtoto kaanza akademi ana miaka 13 chini ya sheria moja, anachaguliwa chini ya nyingine.

Na kwa wale wasiojua, Aliir Aliir kazaliwa Kakuma, kambini kwetu Kenya. Sydney walimchukua piki 44 mwaka 2013, na 2020 wakampa Port Adelaide kwa piki moja tu ya raundi ya pili ya mwaka uliofuata. Msimu wake wa kwanza Port akaingia kikosi bora cha Australia nzima. Hiyo piki ya Sydney nani aikumbuka leo?

Otis254:
@BintiKisauni hiyo ya Aliir imenigusa dada, sikujua ni wa Kakuma aki.

MzeeWaMsimamo:
Mnampamba kijana wa watu na hesabu lakini hamjamjibu kwa nini watu wanauza ya mwakani. Jibu ni moja tu, kiburi. Kila klabu mwezi wa 10 inaamini mwakani itapanda. Anayeuza anaamini piki yake itakuwa ya 15, anayenunua anaamini itakuwa ya 3. Mmoja lazima aumie.

Mfano bora ni 2018, mwaka wa kwanza waliporuhusu kuuziana usiku uleule wa drafti. Carlton wamemaliza wa mwisho kabisa, wanamtamani Liam Stocker, wakawaambia Adelaide tupeni piki 19 sasa hivi na raundi yenu ya kwanza ya mwakani, nasi tuwape yetu ya mwakani. Timu ya mwisho inauza ya mwakani!! Adelaide wakakenua. 2019 ikaanza, Carlton hoi, mashabiki wa Adelaide kila wiki wanaangalia matokeo ya Carlton kuliko ya kwao, wanaota piki 1. Mwezi wa 6 Carlton wakamtimua kocha Brendon Bolton, David Teague akashika timu wakaanza kushinda, wakamaliza wa 16, piki ikawa 4. Adelaide nao wakaisukuma kwa GWS wakapewa 6 na ya mwakani tena, wakamchukua Fischer McAsey, kacheza mechi chache kaacha. Na Stocker? Carlton walimwachia baada ya msimu wa 2022, akaenda St Kilda. Kelele zote zile na hakuna aliyepata mchezaji wa maana.

kibanda_umiza:
Mzee unachosema ni kweli ila umechagua mfano ambao wote walikosea kuchagua, sio kukosea kuuza. Bei ya zamu na jicho la kuchagua ni vitu viwili. Chukua Hawthorn 2001. Walimtoa Trent Croad, staa wao, pamoja na Luke McPharlin kwenda Fremantle, wakapewa piki 1, 20 na 36. Piki 1 ikawa Luke Hodge. Piki 20 haikufika popote. Piki 36, ile ya nyongeza ambayo hata gazeti halikuiona, ikawa Sam Mitchell! Hodge na Mitchell wakabeba ubingwa mara nne, 2008, 2013, 2014 na 2015. Na Croad mwenyewe alirudi Hawthorn akawemo kwenye ule wa 2008 😂 yaani walimuuza, wakala faida, wakarudishiwa bidhaa.

Kwa hiyo Mdau ukitaka kuwafunga midomo hapo kazini usiulize dili ilikuwa na namba gani, uliza ile nyongeza iliwekwa na nani na kwa nini, maana dili nyingi zinashindiwa kwenye ile piki ya tatu.

Mdau_wa_Perth:
Asanteni sana wakuu, na dada Binti. Na hii ya Oscar Allen je? Kaondoka 2025 kwenda Brisbane bila Brisbane kutoa kitu, halafu Eagles wakapewa piki 2, nani kailipa?

kibanda_umiza:
Hiyo ni fidia ya mchezaji huru, inatoka kwa ligi yenyewe sio kwa Brisbane. Inapangwa kwa mkataba mpya wa mchezaji na umri wake, ikiwa ya daraja la juu inawekwa nyuma tu ya zamu yako ya kwanza, na nyie mlimaliza wa mwisho kwa ushindi mmoja ndo maana ikawa 2. Aliyelipa ni kila klabu iliyosukumwa chini.

MzeeWaMsimamo:
Na jiandae maana sasa hivi wanaruhusiwa kuuza hadi piki za miaka miwili mbele, na Tasmania wanaingia ligi 2028, maana yake drafti ya mwisho wa 2027 ndo ya kujaza kikosi chao. Timu mpya huwa inamwagiwa zamu za juu, Gold Coast 2010 walichagua 1, 2 na 3 mfululizo. Kwa hiyo mtu akikuuzia raundi ya kwanza ya 2027 kwa bei ya raundi ya kwanza, mwulize anakuona vipi.

Otis254:
Carlton watanunua 🤣