Kaunta ya jikoni: kwatzi, akriliki, terazo au fomaika? Tupeane uzoefu

Mjenzi_Tabata
Habari zenu wakuu. Nyumba imefika hatua ya kumalizia, bado jikoni. Kila fundi anakuja na lake: mmoja kwatzi, mwingine fomaika, mwingine ananiletea picha za vipande ambavyo hata jina lake halijui vizuri. Wife anapika kwa gesi na wikendi tunakuwa wengi, masufuria yanashuka moja kwa moja kwenye kaunta. Granaiti ya asili naijua, tuiache kwa leo. Walioweka hivi vya kutengenezwa kiwandani mtuambie mlichokutana nacho, si cha kwenye katalogi.

MamaNasra
Tanga hapa. Nyumba tuliyonunua tuliikuta na fomaika. Juu haina neno, chai ikimwagika unafuta tu. Ugonjwa uko chini: ile ni karatasi iliyoshindiliwa na resini (gundi ya plastiki), ikabandikwa juu ya chipbodi. Silikoni ya kuzunguka sinki ilipobanduka maji yakapenya, ubao ukaumuka, na ukishaumuka haurudi. Na joto letu la pwani ndiyo kabisa. Upande wa mbali na sinki mpaka leo uko vile vile, kwa hiyo siwezi kusema ni kitu kibaya. Kinachukia maji tu, na jiko ni maji.

FundiMawe_DSM
Mjenzi, hii ndiyo kazi inayonilisha, ngoja nikueleze. Usiulize jina wala rangi, uliza kilichoshikanisha.

Kwatzi ya kiwandani ni mawe ya kwatzi yaliyosagwa, asilimia 90 na zaidi ya uzito wake, yakashikwa na resini. Jiwe lenyewe halina shida na moto, resini ndiyo inayoungua. Kuanzia kama nyuzi 150 unaweza kupata alama ya njano isiyotoka, au mpasuko. Sasa piga hesabu: mafuta ya kukaangia maandazi yako kwenye 180. Karai likitua pale, umekwisha. Jua nalo lina kazi yake, kwa hiyo kama una jiko la nje uani, kwatzi usiiweke kabisa, itabadilika rangi. Lakini ndani, ukiwa na vibao vya kuwekea masufuria, ni kitu kizuri mno. Hainyonyi mafuta, haihitaji kupakwa dawa kila mara, na ndimu haiifanyi kitu.

Kuna ile ya kuchomwa, mfano Dekton ya Wahispania iliyotoka 2013. Unga wa madini unashindiliwa halafu unachomwa kwenye joto kali sana, hakuna resini ndani. Karai weka utakavyo. Udhaifu wake ni kwenye kingo, zinamegeka zikigongwa, na kukata kunataka mashine na mkono uliotulia. Ukimpa fundi wa vigae wa mtaani atakuharibia kipande kizima.

Bint_Kizingo
Mombasa tuliweka ile ya akriliki, jamii ya Corian. Maungio huyaoni, sinki na kaunta ni kitu kimoja, hakuna mahali pa uchafu kujificha. Manjano ya biriani yaliacha doa, fundi akapitisha msasa laini, likatoka. Jaribu hilo kwenye kwatzi! Ila kinachoishikanisha ni plastiki, mikwaruzo ipo na sufuria la moto ni marufuku. Mimi napenda kitu kinachorekebishika kuliko kisichoharibika, lakini hayo ni yangu.

Mluguru_Halisi
Mnasahau terazo. Saruji na kokoto za marumaru, inamwagwa pale pale, inasuguliwa. Kwa mama yangu ipo tangu nasoma msingi. Ndimu na ukwaju vinaila, imepoteza mng'ao pale anapokatia kachumbari. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mjenzi_Tabata
Fundi, kwatzi feki naijuaje? Dukani vyote vinang'aa.

FundiMawe_DSM
Omba kipande cha mabaki. Kikwaruze kwa ncha ya kisu: kwatzi ni ngumu kuliko kisu, utaona mstari wa chuma unaofutika kwa kidole. Kikichimbika, umeuziwa marumaru ya kuunga, yaani marumaru iliyosagwa ikashikwa na resini. Kisha kamulia ndimu, acha usiku kucha. Asubuhi mahali pakiwa pamefifia, rudisha. Muuzaji akikataa kukupa kipande, nenda duka la pili.

Mbongo_Melbourne
Nimesoma yote, hakuna aliyetaja vumbi. Huku Australia kwatzi ya kiwandani imepigwa marufuku tangu 1 Julai 2024, kuikata na hata kuifunga. Sababu ni mafundi, wengine vijana kabisa, waliopata silikosisi. Vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye kwatzi, likiingia kwenye mapafu linaacha makovu, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Granaiti nayo ina silika, ila kwatzi imeizidi mbali. Kaunta ikishafungwa haimdhuru anayepika. Anayeumia ni aliyeshika grainda.

FundiMawe_DSM
Kweli kabisa ndugu yangu. Mimi nakata kwa maji na barakoa ya vichujio, ile ya kitambaa haizuii kitu. Lakini wateja wengi wanataka tundu la sinki likatwe pale pale sebuleni, kavu, wapunguze gharama ya usafiri.

MamaNasra
Na watoto wanachungulia dirishani.

Mjenzi_Tabata
Nashukuru wote. Tumekaa na wife: upande wa sinki na wa kukatia tunaweka kwatzi, vipimo vichukuliwe hapa lakini tundu na kona vikakatwe karakana kwa maji, nitalipa huo usafiri. Pembeni ya jiko tunaacha zege, juu vigae vya porseleni, karai litue hapo. Fundi, nicheki PM uje upime Jumamosi. Halafu swali moja: makutano ya kwatzi na vigae nizibe kwa silikoni au grauti?

FundiMawe_DSM
Silikoni. Grauti itapasuka, vitu viwili hivyo havitanuki sawa.