Dawa ambayo mama hajawahi kuimeza, imekuwaje sugu?

MamaMitetea (Uyole, Mbeya):
Wanajukwaa, nisaidieni. Mama yangu ana UTI isiyosikia dawa. Wameotesha mkojo, majibu yametoka leo: bakteria aitwaye E. coli, na herufi R, yaani sugu, zimeshuka kwenye karatasi kama mvua ya Tukuyu. Ampisilini R, septrini R, tetrasaiklini R. Septrini sawa, kameza sana. Lakini tetrasaiklini hajawahi kuigusa! Mwili unazoeaje dawa usiyoijua? Wanaokunywa OTC, ile dawa ya mifugo, hapa nyumbani ni kuku wangu tu. Wakijikunyata, natia kwenye maji.

Mpimaji wa Mafinga:
Pole kwa kuuguza, dada. Mwili hauzoei chochote, wadudu ndio wanakuwa sugu. Wengi wana plasmidi, kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu. Bakteria humvuta mwenzake, wakishikana nakala inapita. Ni kama kuomba moto kwa jirani: unaondoka na kijinga chako, jikoni kwake moto uko palepale. Wala si lazima wawe ukoo mmoja. E. coli humpa hata Shigella wa kuhara damu. Wajapani walilionyesha hilo 1959, walipokuwa na wagonjwa wasiosikia dawa nne kwa mpigo.

Sasa swali lako. Kiduara kimoja hubeba jeni za dawa kadhaa. Septrini ikiua wanyonge, anayebaki anabaki na mzigo wote, wa tetrasaiklini ukiwemo. Na hiyo OTC, yaani oksitetrasaiklini, ni ndugu wa damu wa tetrasaiklini. Siapi kwamba wa mama wametoka bandani kwako, ila njia ipo: mikono, kinyesi, maji. China mwaka 2015 walikuta jeni ya kushinda kolistini, dawa ya akiba ya mahututi, ikisafiri kwenye plasmidi za E. coli wa nguruwe na wa wagonjwa. Kolistini walikuwa wanawalisha mifugo ili inenepe. Haikupita miezi mingi, ikakutwa hadi Ulaya.

Mfugaji Mbozi:
Mie niliuziwa OTC nikiambiwa ni vitamini ya kutagisha 😭

MamaMitetea:
Ndaga fijo, kaka. S, yaani dawa ambayo wadudu bado wanaisikia, iko moja tu, chini kabisa: nitrofurantoini. Ndiyo kaandikiwa. Ndoo ya OTC ya asubuhi hii hapa, maji ya njano, naenda kuimwaga kwenye mchicha.

Mpimaji wa Mafinga:
Dada, si kwenye mchicha!