Msaada: kamera yangu ya kioo mbinuko imegoma kukalibreti

Mwana_Uyole
Habari za jioni wakuu. Natengeneza kitoroli cha kujiendesha kwenye matuta ya viazi huku Uyole, Mbeya, ndo mradi wangu wa mwaka wa mwisho, juu nimefunga kamera inayotazama kioo mbinuko ili nione pande zote kwa mpigo bila kununua kamera nne. Nimeprinti bodi ya drafti, nikaipiga picha 20, nikaziingiza OpenCV (programu huria ya kuchakata picha) kwa njia ya kawaida ya kukalibreti, yaani kupima kamera inavyopinda picha, hitilafu ikatoka pikseli 9 (nukta za picha) na matuta bado yamepinda kama upinde. Siku ya tatu hii. Nakosea wapi?

Fundi_Makambako
Picha hazina shida mkuu, shida ni modeli, yaani hesabu ya jinsi mwanga unavyoingia kwenye picha. Njia ya kawaida inadhani kila kitu kiko mbele ya lenzi, wewe unaona mpaka nyuma, sasa nyuzi zaidi ya 180 utazilaza vipi kwenye bapa moja? Tumia omnidir, moduli ya kamera za pande zote iliyomo opencv_contrib (nyongeza ya OpenCV), au OCamCalib, programu ya Davide Scaramuzza, kama una Matlab (programu ya hesabu), ya 2006 lakini mimi bado naiamini. Yenyewe haiulizi umbo la kioo, inatafuta polinomia (fomula ya vipeo) tu ya kuunganisha umbali wa pikseli toka katikati ya picha na pembe mwanga ulikotokea. Picha 10 zinatosha, ila bodi uizungushe pande zote na uisogeze karibu.

mama_robotiki
Mdogo wangu, kioo ni cha wapi? Kama ni vile vya dukani vya kulindia bidhaa basi ni kipande cha tufe. Kioo cha hipabola (mchirizo wenye fokasi mbili, yaani nukta za kukutania miale) ukiweka kamera kwenye fokasi yake ya pili miale yote inakuwa kama inaelekea nukta moja, tufe haikupi hiyo nukta, kwa hiyo vitu vya karibu sana vitakusumbua hata ukalibreti vipi. Vya mbali kosa ni dogo.
Halafu zima otofokasi (kamera kujirekebisha ukali yenyewe)!! Taswira unayoipiga iko nyuma kidogo tu ya kioo, haiko kule shambani. Ukingo wa kioo uonekane duara, ukiwa kama yai ujue kamera imeinama. Na karatasi ibandike kwenye kipande cha kioo cha dirisha, ukibandika kwenye boksi ukungu wa huku asubuhi tu unalipinda.

Mwana_Uyole
Ni cha dukani kweli dada, nilinunua soko la Mwanjelwa. Otofokasi ilikuwa inafanya kazi muda wote huo 😩 nimezima, nimerudia na OCamCalib, hitilafu 0.8! Ila picha ya duara nikiikunjua yote iwe ya mstatili matuta bado yanapinda.

Fundi_Makambako
Usikunjue yote. Pima kimo cha kioo toka chini, kila pikseli ya ardhi irushie mwale wake mpaka uguse udongo, unapata picha kama ya kutazama toka juu.

Mwana_Uyole
Yamenyooka, ndaga fijo (asanteni sana) wakuu! Ila kwenye mteremko yanaachana kwa sababu ardhi pale si bapa, kesho nafunga sensa ya mwinamo.