Mzee wa miaka 74 anaambiwa ahame na hana mkataba wa maandishi

Muulizaji
Assalaam aleikum. Bibi wa miaka 74 amepanga vyumba viwili Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, zaidi ya miaka 20. Mkataba wa maandishi hana, kodi akimpa mwenye nyumba mkononi. Mwenye nyumba amefariki. Sasa mtoto mmoja wa marehemu kaja na dalali, nyumba inauzwa, bibi atoke ndani ya wiki mbili. Aanzie wapi?

Mpwani
Waaleikum salaam. Asitoke, asitie saini karatasi yoyote, wala asiache kulipa kodi. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi: mtu akishikwa na hasira akaacha kulipa, kesi inageuka ya deni.

Halafu ijulikane nyumba ni ya nani. Mji Mkongwe nyumba nyingi ni za wakfu, nyengine ni za Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Mtu aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na namba ya nyumba na jina la mtaa. Ikiwa ni wakfu, mrithi hawezi kuiuza, basi. Ikiwa ni ya Serikali, aulize Shirika la Nyumba. Ikiwa ni milki ya marehemu, hiyo bado ni mirathi, na mrithi mmoja hawezi kuiuza kwa niaba ya wenzake. Aombwe aonyeshe barua ya usimamizi wa mirathi. Dalali hana kauli hapo.

Muulizaji
Kodi basi ampe nani?

Mpwani
Mpaka msimamizi ajulikane, aiweke benki kwa jina lake bibi mwenyewe, tarehe ile ile kila mwezi, na awaandikie warithi kwamba kodi ya mwezi fulani ipo. Nakala moja kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa. Wakimlazimisha kulipa, alipe kwa simu. Ikiwa ni mkononi, risiti iseme nani kapokea, nyumba gani, mwezi gani, kiasi gani, na shahidi atie saini. Risiti ya "nimepokea pesa" tupu inaweza kusomwa kuwa mkopo.

Ushahidi wa ukaazi anao bila ya kujijua: karatasi za tukuza (umeme wa kulipia kabla), majirani, na sheha mwenyewe. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kitamsaidia kuandika barua na kumwelekeza pa kufungua kesi.

Fundi chokaa
Watakuja na hoja kuwa nyumba mbovu. Mara nyengine ni kweli. Ukuta wa chokaa ukipigwa saruji, unyevu hauna pa kutokea, na boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, pasipoonekana. Chomeka msumari pale boriti inapoingia ukutani: ukizama kwa nguvu ya kidole tu, bibi asilale chini ya dari hiyo, haki iwe yake au isiwe. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe waitwe waikague.

Bi Mkubwa
Kama ana miaka 74, Pensheni Jamii anaipata? Ni kuanzia miaka 70, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000, kisha ikapandishwa hadi 50,000 kwa mwezi. Haitoshi kodi ya mjini, lakini asiikose. Akihamia shehia nyengine, masheha wote wawili na Ustawi wa Jamii waarifiwe mapema, jina lisipotelee njiani. Sebleni na Welezo, au Limbani kwa wa Pemba, ni makaazi ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mwenye watoto asiyahesabu.