Naomba ushauri: Jumamosi tuingie kiwanja cha gofu cha Lugalo, Dar, na masika hii, au tuahirishe?

mgeni_wa_fimbo: Wakuu salaam. Jumamosi nina mechi ya kirafiki pale Lugalo, mashimo 18, tuko wanne na mmoja ni bosi wangu ambaye ndo kanialika, kwa hiyo sitaki niwe mtu wa kwanza kusema tusiende. Sasa simu inaonyesha mvua asilimia 60 na kile kiwingu chenye radi, ila hata jana ilionyesha hivyohivyo na jua likawaka mpaka jioni. Nyie wazoefu mnaangaliaga nini?

kedi_wa_zamani: Asilimia 60 haikwambii itanyesha saa ngapi wala kubwa kiasi gani. Ijumaa usiku soma utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), halafu asubuhi piga simu klabu uulize tu kama uwanja umeshika maji, maana mvua ya usiku inaharibu mechi kuliko hata hii ya mchana. Ukisimama kawaida kupiga (sio kukandamiza na mguu makusudi) maji yakaonekana kuzunguka kiatu, sheria inakuruhusu kuutoa mpira hapo bila adhabu. Ila grini (zile nyasi fupi zenye shimo) zikijaa maji hapo hakuna gofu, kunyweni chai mrudi nyumbani. Na vigari vya gofu msivitegemee, feawei (njia ya nyasi ya kuelekea grini) ikilowa sana klabu nyingi wanavizuia.

baridi_ya_limuru: Mimi niko huku Kenya, mwezi wa nne tunaanzanga asubuhi mapema kabisa, mvua ikikuja saa tisa sisi tuko ndani tunangoja nyama. Anzeni saa moja, mambo kwisha.

mswahili_wa_mbezi: Kaka huko kwenu na huku pwani ni mbingu mbili tofauti. Huku masika mvua inapenda kutoka baharini usiku, inamwaga alfajiri mpaka saa tatu hivi, saa tano unashangaa jua linachoma mgongo, so ukikimbilia saa moja ndo unaikuta yenyewe. Sio kila siku lakini mimi ningesogeza mpaka saa nne. Upepo usikutishe, huo unabadilisha fimbo tu. Usiangalie bendera ya shimo maana inakingwa na miti, angalia vilele vya miti mirefu, mpira wako unapita huko juu. Ukiupiga kuuelekea upepo chukua fimbo ndefu zaidi na upige taratibu, ukitumia nguvu mpira unapanda juu halafu unadondoka palepale mbele yako.

sister_gofu: Mbona mnaongelea maji na upepo tu, mtu kaandika RADI jamani. Mvua utajifuta, radi hujifuti. Ukiona mwanga wa radi anza kuhesabu, ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30 ujue iko ndani ya kama kilomita 10, ondokeni, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, ikinguruma tena mnaanza kuhesabu upya. Sio kujificha chini ya mti, wala kwenye kigari cha gofu kisicho na kuta. Ingieni jengo la klabu au gari la kawaida lenye bodi ya chuma, vioo vimefungwa. Na kuhusu bosi, Sheria ya 5.7 ya gofu inamruhusu mchezaji kusimama mwenyewe akiona kuna hatari ya radi, hata kwenye mashindano, hasubiri king'ora cha kusimamisha mchezo. Wakipiga king'ora kimoja kirefu hapo mnaacha palepale, hata kama mpira wako uko sentimita kumi na shimo.

kedi_wa_zamani: Hapo kwenye radi sister kamaliza. Nimeona watu wazima wanabisha "tumalizie hili moja tu" huku fimbo ya chuma iko hewani 😂

mgeni_wa_fimbo: Asanteni sana wakuu. Nimemwambia bosi tuanze saa nne kakubali bila hata kuuliza sababu. Swali la mwisho, glovu yangu ya ngozi ikilowa nafanyaje?

mswahili_wa_mbezi: Beba mbili tatu kwenye mfuko wa nailoni ubadilishe, na taulo kavu ining'inize ndani ya mwavuli. Mshikio ukilowa fimbo inaenda mbali kuliko mpira, na bosi atakuwa amesimama hapohapo nyuma yako.