Nimechukua Golf GTI, nina milioni 3 na nusu. Nianze na nini? (Niko Mwanza)

Ngosha wa Nyegezi

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Baada ya miaka minne ya kuendesha IST ya shemeji kwa masharti, hatimaye nimepata la kwangu. Golf GTI ya 2007, ile wanayoita Mk5, injini 2.0 ya turbo, gia za DSG (zinajibadili zenyewe), jekundu. Sikuagiza Japani, nimelichukua mkononi kwa jamaa aliyekuwa anahamia Dar. Dashi inasoma kilomita 118,000, na hizo namba mnazijua wenyewe, mimi nimezipokea kama salamu tu.

Linatembea, jamani. Jumapili nimevuka daraja la Kigongo–Busisi mara mbili na upande wa pili sina hata shangazi. Nimefika, nikageuza, nikarudi.

Sasa nimeweka pembeni milioni 3 na nusu nilipendezeshe. Mawazo yangu: rimu za inchi 18, springi fupi likae chini, egzosi inayonguruma, filta ya hewa ya wazi ile ya koni, halafu rimapu, yaani kubadili programu ya kompyuta ya injini iongeze nguvu. Zote sitaziweza kwa mpigo, kwa hiyo naomba ushauri nianze na ipi. Kila siku natoka Nyegezi kwenda mjini kwa Mkuyuni, na mara mbili kwa mwezi naenda kwa mama Magu, kilomita nne za mwisho ni vumbi.

Sato Mbichi

Hongera mkuu. Anza na urafiki na muuza mafuta, hayo mengine yatafuata.

Kijana wa Kirumba

Rimapu kwanza, mjadala umefungwa. Hiyo injini inatoka kiwandani na farasi 200, kwa programu tu inafika 240 na kitu bila kufungua boliti hata moja. Hakuna kitu kingine kwenye orodha yako kinachokupa hivyo kwa hiyo pesa.

Fundi Kimya

Ngosha hongera, umechukua gari la raha. Kabla sijajibu swali lako nina maswali yangu. Oili ya injini ilibadilishwa lini, na ni oili gani? Mkanda wa taimingi je? Mafuta ya gia boksi? Aliyekuuzia alikupa karatasi yoyote?

Ngosha wa Nyegezi

Karatasi ni kadi ya gari na mkataba wa mauziano. Oili alisema "ilimwagwa juzi juzi." Ya gia boksi sikuuliza, hata sikujua inabadilishwa.

Fundi Kimya

Basi orodha yako ikunje uiweke mfukoni kwanza. Haijafutwa, isubiri tu.

Kwenye hiyo injini pampu ya mafuta ya presha kubwa haizungushwi na umeme, inasukumwa na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu za injini. Katikati ya kamshafti na pampu kuna kikombe kidogo cha chuma, ukubwa wa kifuniko cha soda hivi, wenyewe wanakiita kam folowa. Kinakuja na rangi nyeusi juu. Ule weusi ukilika unaona duara jeupe linang'aa, hapo jua siku zinahesabika. Ukiendelea kutembea kinatoboka, kifimbo cha pampu kinaanza kukwangua kamshafti yenyewe, na kamshafti ni habari nyingine kabisa kwa mfuko wako. Kwa mtu ambaye oili amekuwa akichelewesha, kinalika haraka zaidi.

Kikombe chenyewe bei yake haifiki tairi moja. Kukiona unafungua pampu, boliti tatu tu. Lakini injini iwe baridi na presha ya petroli ishushwe kwanza, maana humo ndani kuna presha ya kukurushia petroli usoni. Usimpe kijana anayejifunzia.

Halafu DSG. Hiyo ni ya gia sita, klachi zake zinaogelea kwenye mafuta. Kila kilomita 60,000 mafuta na filta yake vinabadilishwa, na kipimo kinachukuliwa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 35 mpaka 45, siyo kumimina mpaka yamwagike halafu unafunga. Akikuambia fundi "hii ni sealed, haiguswi," mshukuru, washa gari uondoke. Na usiruhusu wakuwekee ATF ya kawaida, yale mafuta ya gia boksi za otomatiki nyingine.

Mkanda wa taimingi kama hujui historia yake, chukulia haujawahi kuguswa. Badilisha pamoja na wotapampu, kwa sababu mkanda huo huo ndio unaoizungusha, na kufungua mara mbili ni kumlipa fundi mara mbili.

Ukimaliza hayo utagundua gari lako limeongeza nguvu na hujanunua kitu cha kuongeza nguvu.

Kijana wa Kirumba

Mkuu heshima yako, lakini hii sasa ni huduma ya gari. Mtu kauliza mambo ya raha.

Binti Kirumba

Kijana, sisi wa Kirumba tusiaibishane 😄

Nina Golf kama hilo mwaka wa tatu sasa, langu jeupe. Nizungumzie rimu, maana hapo ndipo nilipoliwa. Nililinunua likiwa na 17, mimi mwenyewe kwa kiherehere nikaweka 18 na tairi 225/40. Ukipiga hesabu, 225 ni upana wa tairi kwa milimita, na hiyo 40 ni asilimia 40 ya 225, yaani ukuta wa mpira ni milimita 90 tu kati ya rimu yako na shimo. Mvua za Aprili, kule Buhongwa, maji yamejaa barabarani, shimo halionekani. Nilisikia mlio mmoja tu. Rimu ikapinda, tairi ikaota kijipu ubavuni kama yai. Wiki iliyofuata, nyingine.

Nikarudi 17, na mwaka jana nikashuka mpaka 16 za Golf ya kawaida, 205/55. Ukuta unakuwa milimita 113 na urefu wa gurudumu zima unabaki karibu ule ule, spidomita haidanganyi. Zinaingia bila kugusa breki za GTI za mbele, ila jaribu kwanza kabla ya kulipa, maana kuna rimu za 16 zenye tumbo la kuingia ndani. Watu wananicheka kwenye maegesho. Nikifika kwa mama mkwe Nansio tairi zote nne ni nzima.

Wewe unaishia kwenye vumbi Magu, fikiria mara mbili.

Halafu tairi zenyewe. Usinunue za mitumba zilizopakwa rangi nyeusi zikang'aa kama viatu vya harusi. Angalia ubavuni, namba nne za mwisho baada ya neno DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Niliwahi kuuziwa "mpya kabisa" yenye umri wa mtoto wa darasa la tano.

Mzee wa Igoma

Kijana, nakusalimia. Mimi si mtu wa turbo, nimeendesha malori ya samaki miaka mingi. Ninachouliza ni kimoja. Hizo nguvu zote mnazoongezea, mnasimama na nini?

Mji wetu ni wa vilima na mawe, teremko la Bugando unalijua. Mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani hata kama gari limeegeshwa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 230, yakishanyonya maji inashuka mpaka karibu 155. Yakichemka unakanyaga pedali inaingia kama unakanyaga tope. Badilisha kila miaka miwili, haigharimu kitu. Na pedi nunua za maana, siyo zile zinazolia kama mbuzi.

Ngosha wa Nyegezi

Marahaba mzee, samahani, shikamoo. Nimechanganyikiwa na furaha.

Nimewaelewa. Lakini kwenye filta ya koni na egzosi hamjasema kitu, na hivyo ndivyo vya bei nafuu.

Fundi Kimya

Fungua boneti. Ule mfuniko mkubwa mweusi wa juu ya injini ndio boksi la filta lenyewe. Wajerumani wameunganisha. Ukiutoa ukaweka koni, injini inaanza kuvuta hewa ya moto ya mle mle ndani, na kwa njia ya Magu inavuta na vumbi. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, haitaki mchanga. Unachopata kwa uhakika ni mlio. Mlio ni mtamu, sikatai. Nunua filta mpya ya karatasi, iingie humo humo.

Egzosi sina ugomvi nayo kama utabakiza mafla ya nyuma. Wanaotoa kila kitu wanaishia kusimamishwa na trafiki, na ile sauti ya ndani ukienda Magu kichwa kinauma kabla hujafika Kisesa.

Springi fupi: GTI tayari imeshushwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida, kiwandani. Hesabu matuta kati ya Nyegezi na mjini halafu uniambie.

Kijana wa Kirumba

Haya, na rimapu? Maana naona mnaikwepa.

Fundi Kimya

Siikwepi. Kwenye orodha yake ndiyo peke yake ninayoikubali, ila iwe ya mwisho.

Sababu ya kwanza, sisi tuko juu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 12. Gari lisilo na turbo linaipoteza hiyo nguvu moja kwa moja, ndiyo maana IST ya shemeji ilikuwa inalia kupanda vilima. Turbo inafidia, lakini inafidia kwa kuzunguka zaidi na kupata joto zaidi. Programu iliyopikwa kwa mji wa pwani ukiileta huku bila kurekebishwa, unaiomba turbo ikimbie huku inahema.

Ya pili, petroli. Injini hiyo iliandaliwa kwa petroli ya oktani 98 (kipimo cha petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati), ya 95 inaimudu kwa kompyuta kurudisha cheche nyuma kidogo. Programu kali inabana hapo hapo. Ya tatu, gia boksi imepimwa kwa nguvu ya mzunguko ya Nm 350. Gari lako linatoa 280. Kuna programu zinazopita hapo, na mwenye kuuza hatakuambia.

Na usirimapu gari ambalo hujui kam folowa yake ikoje. Wala koili za kuwashia plagi, wala plagi zenyewe, wala ile valvu ya kupumulia turbo. Ya zamani ina mpira ndani, mpira unachanika na presha inavuja. Tafuta toleo la pistoni, lile lenye herufi D mwisho wa namba.

Kijana wa Kirumba

Hapo umeniweza kidogo. Yangu nilirimapu kabla ya kubadili hiyo valvu, nikawa nalaumu programu miezi miwili.

Sato Mbichi

Kumbe!

Ngosha wa Nyegezi

Wakuu, mrejesho, siku ya tisa leo.

Tumefungua pampu. Kile kikombe kina duara jeupe katikati, upana wa punje ya mahindi. Hakijatoboka. Nilikishika mkononi nikakaa kimya kidogo, maana Jumamosi ile ile ndiyo nilikuwa nimepanga kwenda kulipia rimu. Kamshafti imepona. Kipya kimetoka Dar na basi, kimefungwa juzi.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama lami na nusu lita pungufu. "Juzi juzi" ya yule bwana sijui ni ya mwaka gani. Mafuta ya DSG yamebadilishwa na filta yake, gia ya kwanza kwenda ya pili ile kwikwi imeisha. Mafuta ya breki, plagi nne, filta ya hewa, tayari. Mkanda na wotapampu vinafungwa wiki ijayo.

Nikishalipa mkanda nitabaki na kama laki tisa. Tairi za mbele nimeangalia namba kama alivyoelekeza dada: 3613. Nimezipiga picha nikamtumia aliyeniuzia, amejibu kwa emoji ya kucheka.

Swali moja limezaliwa njiani. Nikipita tuta polepole nasikia kitu kinagonga mbele kushoto, tok, mara moja. Barabara ikiwa laini hakuna kitu.

Binti Kirumba

Langu lilifanya hivyo. Bushi za nyuma za kontroli amu (mipira ya mkono unaoshika gurudumu), zilikuwa zimepasuka. Lakini anza na stabilaiza linki, vile vifimbo vya kuzuia gari kulala upande, ni rahisi na zinadanganya sauti hiyo hiyo.

Tairi za 2013 usiende nazo Magu. Nunua mbili sasa, mbili mwisho wa mwezi.

Mzee wa Igoma

Na ukishabadilisha bushi ukapige alaimenti (kunyoosha magurudumu), tairi mpya zisilike upande mmoja.

Fundi Kimya

Njoo Jumamosi kabla ya saa tatu, kabla foleni haijajaa. Njoo na mtu wa kukaa kushoto asikilize, wewe mwenyewe ukiendesha utasikia unachotaka kusikia. Tutapita tuta la pale kwangu mara tano hivi.

Sato Mbichi

Mimi nipo Jumamosi. Nina masikio mazuri, na nimechoka kusoma tu habari za hilo gari bila kulipanda.

Ngosha wa Nyegezi

Sato nakupitia saa moja na nusu. Usije na samaki.